Swali Litoke Unguja: Ufadhili wa Masomo ya Juu na Kazi ya Kuzuia Watu Kujiua

Mhadhara kwa wahitimu, walimu na watumishi wa afya, Mji Mkongwe, Zanzibar



Mada yetu ni nzito, na nitaitaja kwa jina lake. Tunazungumzia kujiua, na tunazungumzia kujidhuru, yaani mtu kuuumiza mwili wake kwa makusudi, awe alitaka kufa au hakutaka. Tunazungumzia pia fedha: kijana wa Unguja aliyemaliza shahada ya kwanza atapata wapi ufadhili wa uzamili au uzamivu ili alichunguze jambo hili na asaidie kulizuia. Nina neno moja la kuwaambia, na mengine yote yanalihudumia hilo. Fedha zipo. Lakini fedha za utafiti hulifuata swali lililoandaliwa, na swali lenye manufaa kwa watu wa visiwa hivi haliwezi kuandaliwa London wala Nairobi. Litaandaliwa na mtu anayejua mkaazi wa Makunduchi akipatwa na dhiki humwendea nani kwanza, na mkaazi wa Jang'ombe humwendea nani.

Kabla sijaendelea, huenda yupo miongoni mwetu ambaye mawazo ya kuuondoa uhai wake yamempitia wiki hii, au ambaye kijana wake nyumbani yumo katika hali hiyo. Kwake nasema: usibaki peke yako na jambo hili. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, na uende naye hospitali ya Mnazi Mmoja, au hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hali hii inatibika, na watu wengi walioipitia wako hai, wanalea watoto na wanafanya kazi zao.

Pengo katika pwani yetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani kote. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, 73 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Na kwa kila anayefariki, wapo wengi zaidi waliojaribu au waliojidhuru, wakapona, wakarudi nyumbani na siri yao.

Vifo vimeelemea huku, utafiti umeelemea kule. Émile Durkheim alipochapisha mwaka 1897 kitabu chake juu ya kujiua, takwimu alizozitumia zilikuwa za Ulaya. Paul Bohannan alipohariri mwaka 1960 kitabu juu ya mauaji na kujiua barani Afrika, sura za Afrika Mashariki ziliwahusu Wasoga, Wagisu, Waalur, Wanyoro, Waluhya na Wajaluo. Pwani ya Waswahili haikuwamo.

Tukishuka kwenye pwani yenyewe, tunaona nukta chache zenye thamani. Mwaka 1990 Bondestam, Garssen na Abdulwakil walichapisha uchunguzi wa maradhi ya akili na kifafa hapa Zanzibar, na jinsi yanavyotibiwa. Mwaka 1997 Ndosi na Waziri waliandika juu ya watu waliojidhuru Dar es Salaam, na mwaka 2008 Mgaya na wenzake wakachapisha uchunguzi wa vifo vya kujiua katika mkoa huohuo. Mwaka 2018 Linnet Ongeri na wenzake walieleza hali ya wagonjwa wa nje katika hospitali ya Kilifi waliokuwa na mawazo ya kujiua. Kilifi iko kaskazini yetu, Dar es Salaam iko kusini yetu. Katikati kuna visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, vyenye serikali yake, sheria zake za jinai, mahakama zake za kadhi na mila zake za mazishi. Matokeo ya Kilifi au Dar es Salaam hayawezi kuchukuliwa kama yalivyo yakawekwa hapa.

Kwa nini vifo hivi havionekani

Mtu akifariki alfajiri, mara nyingi alasiri keshazikwa. Hiyo ni sunna, na ni heshima kwa maiti. Mtafiti hana haki ya kuigusa. Lakini maana yake ni kwamba sababu ya kifo huandikwa, kama inaandikwa, kwa maneno ya jamaa waliomo katika mshituko na wanaotaka kumsitiri marehemu wao. Zanzibar tunao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018, na tunao masheha wanaojua kila msiba unaotokea katika shehia zao. Baina ya anachokijua sheha na kinachofika kwenye daftari pana mwanya. Kuupima mwanya huo, kwa ruhusa na kwa adabu, ni kazi ya uzamivu mzima.

Sheria nayo huongeza ukimya. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, ya mwaka 2018. Fikra ya kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua ililetwa katika nchi nyingi za kwetu na sheria za ukoloni wa Kiingereza, na Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya nchi hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Ghana iliondoa kosa hilo mwaka 2023, na Malaysia mwaka huohuo.

Hapa mwanafunzi wa sheria anayo tasnifu yake. Familia ikimfikisha mgonjwa hospitali usiku, nani anauliza fomu ya polisi, PF3? Hofu ya polisi inawafanya wangapi wabaki nyumbani? Muuguzi anaandika nini kwenye jalada, na kwa nini anaandika hivyo? Maswali haya hayajibiwi kwa kusoma sheria peke yake. Yanajibiwa kwa kukaa na wauguzi, polisi, mahakimu na familia.

Nije kwenye dini, maana wengi huniambia kwamba jambo hili halitafitiki katika jamii ya Kiislamu. Uislamu umeharamisha kujiua, na umeuhesabu uhai kuwa miongoni mwa mambo makuu ambayo sheria imekuja kuyalinda. Lakini fiqhi hiyohiyo inatambua kwamba aliyepotewa na akili hahisabiwi kama mwenye akili timamu, na mafakihi walio wengi wanaona kwamba maiti aliyejiua huoshwa, husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Anayefanya utafiti ili uhai usipotee hapingani na dini. Sheikh anayetoa hutuba ya Ijumaa huwafikia watu wengi kuliko zahanati yoyote, na watu humwendea kwa ruqya na kwa nasaha kabla hawajafikiria daktari. Je, anajua dalili za hatari? Anajua ampeleke wapi muumini huyo? Na yeye anaposikia siri nzito namna hiyo, nani anamsaidia kuibeba? Mwanafunzi wa taaluma za Kiislamu katika Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, anaweza kuyajibu haya vizuri kuliko daktari wa maradhi ya akili kutoka nje.

Somo kutoka Uganda

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa jirani zetu. Dk. Eugene Kinyanda, daktari wa maradhi ya akili wa Uganda, alifanya uzamivu wake katika chuo kikuu cha Trondheim, Norway, akaukamilisha mwaka 2006. Chuo kilikuwa cha Ulaya, lakini swali lilikuwa la Kampala: ni nani wanaofikishwa katika hospitali za mji huu baada ya kujidhuru, na wanatofautiana vipi na wagonjwa wengine wa hospitali zizo hizo? Wasimamizi wa Trondheim, akiwemo Heidi Hjelmeland, waliendelea kuwapokea Waganda. James Mugisha alichunguza jinsi Baganda wanavyokichukulia kifo cha kujiua. Alieleza kwamba mila zao zinawatenga walio hai na kifo hicho na marehemu wake, ili balaa lisiwafuate, na kwamba utengano huo una gharama kwa wafiwa. Dorothy Kizza alikwenda kaskazini, katika nchi ya Waacholi iliyokuwa ikitoka vitani. Alikaa na jamaa na marafiki wa waliojiua, akawasikiliza wakisimulia maisha ya marehemu wao. Katika makala zilizochapishwa mwaka 2012 yeye na wenzake walionesha wanaume waliopoteza nafasi yao na heshima yao baada ya maisha ya kambi za waliokimbia vita, na wanawake waliofika mahali ambapo hawakuiona njia nyengine ya kuyaepuka mateso.

Angalieni mambo matatu katika mfululizo huo. La kwanza, maswali yalitoka Uganda na yalipata fedha kwa sababu yalitoka Uganda. Hakuna mtu wa Trondheim ambaye angeweza kuyauliza. La pili, mtafiti wa kwanza alikuwa ngazi ya wa pili: jina la Kinyanda limo katika makala za Mugisha na za Kizza. Ufadhili wa mtu mmoja, ukitunzwa, huzaa kikundi. La tatu, hawakuishia kwenye kuhesabu. Idadi hutuambia wangapi, na kuijua ni lazima. Lakini aliyekaa na mama mfiwa, akamsikiliza mpaka mwisho, ndiye anayeweza kutuambia ni wapi mtu yule angeweza kushikwa mkono kabla ya siku ile.

Mfano wa pili umeshafika hadi kwetu. Dk. Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa ambaye familia yake haikuwa na nauli ya kumrudisha hospitali mjini Harare. Kutokana na msiba huo, mwaka 2006 alianzisha katika mtaa wa Mbare huduma inayojulikana kama Friendship Bench: mabibi wa mtaani waliofunzwa hukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na mwenye dhiki, wakimsaidia kulitatua tatizo moja kwa wakati. Utafiti wao katika kliniki 24, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, ulionesha baada ya miezi sita kwamba waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Fikra hiyo imevuka mipaka ikafika Malawi, New York na Zanzibar. Lakini benchi la Unguja lina maswali yake. Mji wetu ni mdogo. Msichana wa Kikwajuni atamweleza bibi anayemjua mama yake na shangazi yake? Atapendelea kijana mwenziwe wa mtaa mwengine? Atazungumza waziwazi mbele ya kliniki, au atataka ukumbi wa ndani wenye stara? Anayetaka shahada ya uzamili anaweza kuanzia hapo kesho.

Na hapa Tanzania, Moshi, watafiti wa Hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wametengeneza ushauri nasaha wa mbali kwa wanaoishi na VVU wenye mawazo ya kujiua, chini ya jina IDEAS for Hope. Daktari wa Mnazi Mmoja hana haja ya kuvuka bahari mbili ili amwone mtu anayeifanya kazi hii.

Milango ya fedha

Sasa nizungumze na vijana kuhusu milango yenyewe. Iko ya aina nne, na kila mmoja una adabu yake ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni ufadhili wa serikali za nje unaomfuata mtu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza huwachukua Watanzania kwa uzamili, pamoja na uzamili wa masafa ambao mtu huusoma akiwa kazini kwake, na kwa uzamivu. Chevening, ambao pia ni wa Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na kwa kawaida maombi yake hufunguliwa mwezi wa Agosti. Wapo DAAD wa Ujerumani, ambao pia wana ufadhili wa kusoma katika vyuo vya Afrika, na upo mpango wa Ireland. Hawa wote hawajali sana kama mada yako ni kujiua au ni mwani. Wanatazama kama unajua unakokwenda na utarudi kufanya nini.

Mlango wa pili ni nafasi za uzamivu zinazotangazwa na vyuo pamoja na fedha zake, mradi ukiwa umekwisha kuandikwa. Norway, Sweden, Denmark na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa na kulipwa mshahara. Uingereza, tangu mwaka 2021, ruzuku za masomo za mabaraza ya utafiti zimefunguliwa kwa wanafunzi wa nchi nyengine, kwa kiwango kisichozidi asilimia 30 ya nafasi. Wanaotaka uwanja huu wavifuatilie vituo vyenye jina: kituo cha utafiti wa kujiua cha Oxford kilichojengwa na Profesa Keith Hawton, maabara ya Profesa Rory O'Connor huko Glasgow, vituo vya kitaifa vya Oslo na Stockholm, na Chuo Kikuu cha Griffith, Australia. Tahadhari yake ni kwamba swali limeshawekwa na mwengine. Kabla hujatia saini, muulize msimamizi kama sehemu ya utafiti inaweza kufanyika Unguja, na kama data zitabaki pia kwenye taasisi ya hapa. Akikataa yote mawili, fikiria tena.

Mlango wa tatu ni wa Kiafrika, na ndio ninaoupendelea. Kilifi, mpango wa KEMRI na Wellcome Trust ulioanza mwaka 1989 umesomesha watafiti wengi wa uzamili na uzamivu, pamoja na kuwapa vijana waliotoka chuo nafasi za kujifunza kazi. Mtandao wa AMARI, ulioanzishwa na Chibanda na wenzake kutoka Zimbabwe, Malawi, Ethiopia na Afrika Kusini, ulianzishwa mahususi kukuza watafiti wa afya ya akili. Mtandao wa CARTA, unaoongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, umewapokea wafanyakazi wa taasisi wanachama, na kwa Tanzania wamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara. Hapo wakuu wa vyuo vyetu wana jukumu: mwanafunzi hawezi kujiunga na mtandao ambao chuo chake hakijaomba kuingia.

Mlango wa nne uko hapahapa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kimefaidika na mpango wa Denmark wa kuimarisha vyuo vikuu, uliosomesha baadhi ya walimu wake. Skuli yake ya tiba ina madaktari waliotokana na ushirikiano na Chuo cha Matanzas, Cuba, ulioanza mwaka 2007. Mnazi Mmoja na Kidongo Chekundu zina uhusiano wa miaka mingi na hospitali ya Haukeland, Bergen, Norway. Na Bweleo, tangu mwaka 2023, tunayo kampasi ya IIT Madras inayofundisha sayansi ya data. Kijana wa hesabu anayesoma pale na muuguzi wa Kidongo Chekundu wakikaa meza moja, tunaweza kupata daftari la wagonjwa waliojidhuru linalosomeka. Ireland ilianzisha daftari kama hilo kwa hospitali zake zote na imejifunza kutokana nalo ni miezi gani, umri gani na mitaa gani inahitaji msaada zaidi. Kisiwa chenye hospitali chache kama Unguja kinaweza kulifanya hilo kwa wepesi kuliko nchi kubwa.

Ombi linaloshinda

Wenye kusoma maombi hukaa na kila ombi kwa muda mfupi, kwa hiyo aya ya kwanza iseme tatizo, mahali, watu, na kitakachobadilika. Usiandike kwamba utachunguza afya ya akili ya vijana wa Zanzibar. Andika kwamba utachunguza vijana wa miaka 18 hadi 24 waliofikishwa wodi ya dharura ya Mnazi Mmoja baada ya kujidhuru: nani aliwaona baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na ziara ya muuguzi ndani ya wiki moja ingewezekana vipi. Swali la namna hiyo lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa huko na mmoja wa hapa, na wa hapa apewe jina na malipo katika bajeti. Ufadhili mwingi hulipa ada, nauli na posho ya kujikimu, lakini hausemi chochote juu ya gharama za uwandani. Uliza mapema. Weka nauli za daladala za wasaidizi, malipo ya kunakili mahojiano, na fedha za mshauri nasaha atakayekuwa tayari siku zote za mahojiano.

Hilo la mwisho ndilo kamati za maadili hulitazama kwanza, na ndivyo inavyopasa. Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, iliyoko Binguni, haitakuruhusu, wala haipaswi kukuruhusu, umuulize mtu kama anafikiria kufa kisha umwache na jibu lake. Ushahidi uliokusanywa katika nchi mbalimbali unaonesha kwamba kumuuliza mtu swali hilo kwa upole hakumtii wazo hilo kichwani. Lakini anayejibu ndiyo lazima asindikizwe kwenye huduma siku hiyohiyo. Na wewe mtafiti, utakayesikia misiba mingi kwa miezi mingi, weka mtu wa kukusikiliza wewe pia. Wapo wanaoingia katika uwanja huu kwa sababu wamefiwa. Huzuni yao ni elimu, na inahitaji uangalizi.

Mahali pa kuanzia

Mada zimejaa kisiwani. Tangu mwaka 2015 Kidongo Chekundu ina kliniki ya methadone kwa waliokuwa wakitumia heroini, na zipo nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na waliopona wenyewe. Watu hao wamo katika hatari kubwa, hasa siku za mwanzo baada ya kutoka kwenye nyumba hizo. Nani anawafuatilia? Paje na Jambiani, wanawake walioingia katika kilimo cha mwani tangu mwaka 1989 wameona mavuno yakiharibika bahari inapopata joto, huku hoteli zikipanda pwani yao. Mapato yanapoanguka na deni la duka likabaki, dhiki hiyo inaingiaje nyumbani? Nungwi, vijana wanaoishi kwa msimu wa wageni hupitia miezi mitupu ya masika kwa namna gani? Katika skuli zetu, wiki za matokeo ya mitihani zina nani wa kuwatazama walioanguka? Na waandishi wa habari, wanaoandika kifo cha namna hii kwa vichwa vikubwa na picha, wanajua kwamba uandishi huo unaweza kuwasukuma wengine, na kwamba habari za mtu aliyeishinda hali hiyo zinaweza kuwaokoa?

Liko pia suala la lugha ya madodoso. Maswali yanayotumika kupima huzuni yameandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa, mara nyengine Kampala, mara nyengine Dar es Salaam. Bibi wa Kizimkazi huieleza dhiki yake kwa moyo, kwa roho, kwa mwili kuwa mzito, kwa mawazo mengi, na pengine kwa jini. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway, ameandika kwa kina juu ya watu wa mji huu na masheitani wao. Mtafiti aliyezaliwa hapa angeanza pale alipoishia yeye, kwa sababu anaisikia lugha hiyo kutoka ndani.

Wenyeji tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wengi wa utafiti wamekuja kwa moyo mwema, na tunawashukuru. Lakini mwenyeji anapona pale data, mafunzo na ajira vinapobaki kwake. Mwaka 2025 misaada mingi ya Marekani ilikatwa kwa ghafla, na miradi ya afya ikasimama katika nchi nyingi za Afrika. Nchi isiyo na fedha yake ya utafiti, hata kidogo, inalazimika kuyaacha maswali yake siku mfadhili anapobadilisha fikra.

Ndiyo maana namalizia na wenye mali na wenye mamlaka. Mji huu unajua kutoa kwa ajili ya afya. Jengo la Zahanati Kongwe pale Mizingani lilianza kwa mali ya Tharia Topan, aliyeliwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Hospitali ya Mnazi Mmoja yenyewe iliwahi kuitwa kwa jina la Karimjee Jivanjee. Tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, na tunayo mila kongwe ya kuweka wakfu nyumba na mashamba ili mapato yake yasomeshe watu. Napendekeza uwekwe wakfu wa masomo ya afya ya akili: kodi ya nyumba moja ya Mji Mkongwe isomeshe mwanafunzi mmoja wa uzamili kila mwaka, awe wa tiba, wa sheria, wa dini, wa ualimu au wa takwimu, kwa sharti kwamba swali lake litoke Unguja au Pemba, na majibu yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu aliowauliza. Wafanyabiashara wa mahoteli waongeze chao. SUZA, ZAHRI na Kidongo Chekundu wakae pamoja wachague wanafunzi na wasimamizi. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waliulize suala la sheria wakiwa na utafiti mkononi.

Nanyi vijana, msingoje wakfu huo. Kaandikeni swali lenu kwa sentensi tatu. Mpelekeeni mwalimu mmoja na muuguzi mmoja walisome, mlirekebishe, kisha mtafute mlango unaolifaa. Wapo watu katika kisiwa hiki ambao uhai wao mwaka ujao utategemea mtu aliyejifunza kuwasikiliza. Mtu huyo anaweza kuwa mmoja wenu.